Winchi ya Land Cruiser ya safari: chagua kwa uzito na tope, siyo kwa namba ya kwenye boksi

Masika yakishika, udongo mweusi wa Serengeti magharibi, kuelekea mto Grumeti, hunyonya maji hadi ukavimba, ukajaza meno ya tairi, na tairi jipya likateleza sawa na kipara. Ndivyo ilivyo Katavi, ndivyo ilivyo Maasai Mara, na ndivyo ilivyo kandokando ya ziwa Ndutu wakati wageni wanapofuata nyumbu wanaozaa. Gari likizama huko, koleo na jeki vina mahali vinapofika vikakoma. Winchi, yaani mashine inayofungwa mbele ya gari na kuvuta kwa kamba inayojiviringisha kwenye ngoma, ikichaguliwa vizuri hulitoa. Iliyochaguliwa vibaya ni kilo 40 za chuma zilizoongezwa puani mwa gari bila faida.

Nimeandika kwa ajili ya mwenye Land Cruiser ya mfululizo wa 70, yaani 76, 78 au 79, inayobeba wageni au kupeleka watu na vifaa vijijini. Mwenye Hilux, Defender au Jimny atafuata hatua hizihizi na kubadilisha namba tu.

Ninaloshikilia ni hili: nguvu iliyochapwa kwenye boksi iangaliwe mwisho kabisa. Kabla yake kuna uzito wa gari, tope utakalokutana nalo, umeme wa gari na chasisi itakayobeba mzigo huo. Ukishavijua hivyo vinne, duka zima litabaki na winchi mbili au tatu tu zinazokufaa.

Hatua ya 1: Uliza kama gari lako linahitaji winchi

Kama unatembea siku zote kwa msafara wa magari mawili au matatu, kamba nzuri ya kuvutia inayonyumbuka, vibao vya kuweka chini ya tairi na kipima upepo vitakutoa mara nyingi zaidi. Kupunguza upepo wa tairi pekee kunaokoa magari mengi mchangani. Katika msafara wa aina hiyo inatosha magari yenye winchi yawe nusu.

Winchi inamfaa zaidi anayetembea peke yake, anayepita njia ambayo gari la pili linaweza kuja baada ya saa nyingi, au anayevuka makorongo yenye kingo kali. Jambo la kukumbuka mapema: winchi ya mbele huvuta kwenda mbele. Mara nyingi gari linanasa kwa kuingia, na njia fupi ya kutoka ni kurudi nyuma. Kwa hiyo dereva makini anabeba pia winchi ya mkono, kama ile ya Tirfor ya kilo 1,600. Ni nzito na inachosha mikono, lakini unaifunga upande wowote wa gari na haihitaji betri.

Hatua ya 2: Pima gari likiwa limebeba kila kitu

Usitumie uzito ulioandikwa kwenye karatasi za gari tupu. Land Cruiser 78 yenye matangi mawili hubeba lita 180 za dizeli, na hizo peke yake ni kama kilo 150. Weka abiria sita na dereva, karibu kilo 500. Weka mizigo yao, friji, maji ya kunywa, tairi mbili za akiba, jeki, paa la kufunguka, bampa la chuma. Uzito wa juu unaoruhusiwa kwa gari hili ni karibu kilo 3,300, na magari mengi ya safari yaliyorefushwa kwenye karakana za Arusha yanaufikia bila mwenyewe kujua.

Tafuta mizani. Maghala ya nafaka na viwanda vya saruji wanayo, na ukiomba kwa adabu watakupimia. Panda ukiwa umejaza mafuta na mizigo, na dereva yuko ndani. Andika namba hiyo kwenye daftari la gari, kwa sababu hesabu zote zinazofuata zinaanzia hapo.

Kanuni inayotumika duniani kote ni kuzidisha uzito huo mara moja na nusu. Gari la kilo 3,300 linataka winchi ya kilo 4,950. Winchi nyingi huandikwa kwa paundi, hivyo ni vizuri kukariri chache: paundi 8,000 ni kilo 3,629, paundi 9,500 ni kilo 4,309, paundi 10,000 ni kilo 4,536, na paundi 12,000 ni kilo 5,443. Kwa kanuni hiyo Land Cruiser iliyojaa inaangukia kwenye paundi 12,000. Jimny ndogo ya kilo 1,435 inatosheka na paundi 6,000 na kubakiza akiba.

Hatua ya 3: Lipigie hesabu tope, siyo gari peke yake

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Gari lililo juu ya lami likiwa huru husukumwa na watu wawili. Gari hilohilo likiwa limekaliwa na tope halivutwi kwa nguvu hiyo wala inayokaribia. Miongozo ya jeshi la Marekani ya kuokoa magari ina kipimo rahisi kinachofaa kukaririwa: tope likifika usawa wa magurudumu, nguvu inayohitajika ni sawa na uzito wote wa gari. Likifika madigadi, ni mara mbili ya uzito. Gari likiwa kwenye mteremko na unalivuta kupanda, unaongeza sehemu moja ya sitini ya uzito kwa kila digrii ya mwinuko.

Tuichukue Land Cruiser yetu ya kilo 3,300. Imezama hadi magurudumu: kilo 3,300. Imezama hivyohivyo, lakini ndani ya korongo lenye ukingo wa digrii 30: ongeza nusu ya uzito, inakuwa kilo 4,950. Hapo ndipo kanuni ya moja na nusu inapoishia. Tope likifika madigadi, hata kwenye tambarare, unahitaji kilo 6,600, na hakuna winchi ya paundi 12,000 inayofika huko kwa kuvuta moja kwa moja.

Majibu ni mawili. La kwanza ni koleo. Kila ndoo ya tope unayoitoa mbele ya tairi na chini ya ekseli inapunguza namba hiyo, na wanaodharau koleo huishia kuunguza mota. La pili ni kapi, au puli kama wengi wanavyoiita. Kamba inatoka kwenye winchi, inazunguka kapi lililofungwa kwenye mti, inarudi na kufungwa kwenye ndoano ya gari lako. Nguvu inakaribia kuongezeka mara mbili, kasi inapungua nusu. Ndiyo maana namshauri mtu anunue winchi inayotimiza kanuni ya moja na nusu, kisha pesa iliyobaki inunue kapi zuri, badala ya kukimbilia winchi ya paundi 15,000 au zaidi iliyo nzito na inayokula umeme kuliko gari linavyoweza kutoa.

Hatua ya 4: Soma jedwali la safu za kamba

Namba ya kwenye boksi ni ya kweli mahali pamoja tu: kamba ikiwa imebaki safu ya kwanza, ile inayogusa ngoma yenyewe. Kila safu inayojiviringisha juu yake inaongeza unene wa ngoma, na mota inapoteza nguvu, kwa kawaida asilimia 10 hadi 15 kwa kila safu.

Chukua winchi ya paundi 9,500 na upoteze asilimia 12 kwa kila safu. Safu ya kwanza inavuta kilo 4,309. Ya pili kama 3,790. Ya tatu kama 3,340. Ya nne kama 2,940. Sasa dereva yuko mita sita kutoka kwenye mti, ngoma imejaa kamba, tope liko usawa wa magurudumu na gari lina kilo 3,300. Atavuta, mota italia, gari halitatoka, na atasema winchi ni mbovu. Winchi ni nzima. Anafanyia kazi safu ya nne.

Winchi ya paundi 12,000 katika hali hiyohiyo bado ina kama kilo 3,700 kwenye safu ya nne, kwa hiyo itajitahidi. Lakini tazama kapi linavyofanya: kwa kuwa kamba inakwenda na kurudi, inatoka nyingi zaidi kwenye ngoma, na unashuka hadi safu za chini zenye nguvu. Unapata faida mara mbili kwa kifaa kimoja. Kama huna kapi, tafuta mti ulio mbali zaidi badala ya ulio karibu.

Mtengenezaji wa maana huchapa jedwali la safu ndani ya kitabu chake, pamoja na ampea na kasi kwa kila mzigo. Muuzaji akikosa kukuonyesha jedwali hilo, usiinunue winchi hiyo, hata kama bei yake ni nzuri sana.

Hatua ya 5: Umeme wa gari ndio unaoweka kikomo

Winchi ya ukubwa huu, ikivuta mzigo wake kamili, hula ampea 400 na zaidi. Alteneta ya kawaida ya gari hutoa kati ya 80 na 130, tena injini ikiwa imepandishwa mzunguko. Kwa dakika moja ya kuvuta kwa nguvu, betri inapoteza karibu ampea-saa 7 na kurudishiwa kama 2 tu. Betri ya ampea-saa 100 iliyochoka haitamaliza kazi, na ikishindwa hapo utakuwa umenasa na gari haliwaki.

Kwa hiyo, kabla ya kununua winchi, kagua betri. Land Cruiser nyingi zina nafasi ya betri mbili, na ningependa zote mbili ziwe za aina moja na umri mmoja. Unapovuta, injini iwe inaunguruma, mzunguko kama 1,200 hadi 1,500 kwa dakika, gia iwe huru na breki ya mkono imefunguliwa.

Pima volti za gari lako kabla ya kuagiza. Baadhi ya Land Cruiser zina mfumo wa volti 24, na betri mbili zilizoungwa kwa kufuatana. Kuona betri mbili hakutoshi kukuambia, kwa sababu nyingine zimeungwa sambamba na mfumo ni wa volti 12. Mwite fundi umeme apime kwa mita yake. Winchi ya volti 12 ikichukua umeme kutoka betri moja tu ya mfumo wa 24, betri hiyo itakufa mapema na itaiua mwenzake. Kwa gari la volti 24 agiza winchi ya volti 24. Inakula nusu ya ampea kwa kazi ileile, na nyaya hazipati moto sana.

Nyaya za umeme ziwe nene, milimita za mraba 35 angalau, na 50 ni bora zaidi pale betri inapokuwa mbali. Zipite ndani ya mpira zisisuguane na chasisi. Weka swichi kuu ya kukata umeme karibu na betri, na iwe imezimwa siku zote ambazo winchi haitumiki. Waya huo hauna fyuzi katika ufungaji mwingi, na ukichubuka ukagusa chuma, gari linawaka moto. Swichi hii haina mjadala.

Hatua ya 6: Mota, gia na breki

Mota ziko za aina mbili. Ya kwanza ina sumaku za kudumu ndani yake: ni nafuu, inakula umeme kidogo kwenye mzigo mdogo, lakini inapata moto haraka na joto linaipunguzia nguvu. Ya pili sumaku yake inatengenezwa na nyaya zilizosukwa na kuungwa kwa mfululizo na mota: inavumilia mzigo mzito kwa muda mrefu zaidi. Kwa joto la Tsavo au bonde la Natron saa saba mchana, chukua ya pili.

Hata hiyo ya pili haikutengenezwa kuvuta mfululizo. Vuta kwa dakika moja hivi, simamisha, gusa mota kwa mkono. Ikiwa huwezi kuushikilia mkono hapo, subiri ipoe. Muda huo betri nayo inarudishiwa kitu.

Kuhusu gia, winchi nyingi za sasa zina gia za sayari, yaani gia ndogo zinazoizunguka gia ya kati, zilizopangwa mstari mmoja na ngoma. Ni nyepesi, ni fupi, zinakaa ndani ya bampa la kawaida. Aina ya gia za ubavuni imebaki kwa wapenzi wake, na inayojulikana zaidi ni Warn 8274, winchi iliyoanza mwaka 1974 na jina lake limebeba mwaka huo pamoja na paundi zake 8,000. Inasimama juu ya bampa, ina kasi, na breki yake iko nje ya ngoma. Gia za aina ya mnyoo ni za polepole lakini zinashikilia mzigo zenyewe bila kurudi nyuma, ndiyo maana zinapendwa kwenye magari ya kubeba magari mabovu.

Angalia uwiano wa gia, yaani mota inazunguka mara ngapi ngoma ikizunguka mara moja. Winchi yenye uwiano wa 216 kwa 1 inavuta polepole na kula umeme kidogo kuliko yenye 156 kwa 1 ikiwa mota ni ileile. Kwa gari la wageni sioni sababu ya kutafuta kasi. Mwendo wa polepole unampa dereva nafasi ya kuona kamba inavyojipanga na mti unavyovumilia.

Kwenye Land Cruiser za zamani utakutana na winchi inayoendeshwa na injini kupitia gia boksi. Ni imara, inavuta siku nzima, na pini yake ya usalama inakatika mzigo ukizidi. Udhaifu wake ni kwamba injini ikizimika mtoni nayo imezimika. Ukiikuta kwenye gari unalonunua na inafanya kazi, usiing'oe.

Hatua ya 7: Waya wa chuma au kamba ya nyuzi

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Waya wa chuma wa milimita 9.5 hukatika kwenye karibu tani 6.5. Kamba ya milimita 10 ya nyuzi za plastiki imara ziitwazo Dyneema hukatika kwenye karibu tani 9. Mita 28 za waya zina kama kilo 10, na za kamba hazifiki kilo 2. Waya unavumilia mchanga, mawe na jua, na ukiuharibu utapata mwingine kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi au vya bandarini. Kamba ya nyuzi inaliwa na jua, inakatwa na ncha za mawe, na chembe za mchanga zikiingia ndani yake zinaisaga taratibu kila inapovutwa.

Kwa hesabu ya matunzo tu, waya unashinda. Lakini gari likinasa kijijini hakuna anayebaki nyumbani. Vijana wanakuja kusukuma, watoto wanakuja kutazama, wazee wanakuja kutoa maelekezo, na wote wanasimama karibu na kamba. Waya uliovutwa ukikatika unarudi kwa nguvu inayoweza kumuua mtu. Kamba ya nyuzi ni nyepesi na hainyumbuki sana, kwa hiyo inabeba nguvu ndogo mno inapokatika. Chuma kilichofungwa mwishoni mwake, kama ndoano au pingu ya kuungia kamba, bado kinaweza kuruka na kujeruhi, hivyo hakuna ruhusa ya kusimama karibu. Hata hivyo tofauti ni kubwa, na kwa sababu ya watu hao nachagua kamba ya nyuzi kwa gari lolote linalopita penye makazi au linalobeba wageni. Ukilazimika kutumia waya, weka koti zito au mfuko wa mchanga juu yake katikati, na uwaondoe watu hadi umbali unaozidi urefu wa waya wenyewe. Sema kwa sauti kabla ya kubonyeza kitufe.

Kamba ya nyuzi ina masharti yake. Nyuzi hizo huyeyuka karibu na digrii 150, na zinapoteza nguvu mapema kabla ya hapo. Winchi za sayari zina breki ndani ya ngoma, na ukiteremsha gari kwa umeme kwenye mteremko mrefu breki hiyo inachoma safu ya kwanza. Nunua kamba yenye soksi ya kukinga joto mwanzoni mwake, au winchi ambayo breki yake iko nje ya ngoma. Baada ya kazi ya matope, itoe yote, ioshe kwa maji safi, ianikwe kivulini. Ifunike na kifuniko cha turubai winchi isipotumika.

Mdomo ambamo kamba inapitia ufanane na kamba. Waya unataka mdomo wa rola nne za chuma. Kamba ya nyuzi inataka mdomo laini wa aluminiamu wenye kingo za mviringo. Usipitishe kamba mpya ya nyuzi kwenye mdomo uliokwisha pitisha waya, kwa sababu mikwaruzo ya waya itaikata. Na siku zote bakiza mizunguko kwenye ngoma: mitano kwa waya, kumi kwa nyuzi. Kinachoshikilia mzigo ni msuguano wa mizunguko hiyo. Kile kibolti cha mwisho wa kamba hakishikilii kitu.

Hatua ya 8: Bampa, chasisi na springi

Winchi haifungwi kwenye bampa la kiwandani. Inafungwa kwenye sahani ya chuma iliyoshikwa na bolti kwenye pembe mbili za chasisi. Winchi nyingi za ukubwa huu zina matundu manne yaliyoachana milimita 254 kwa 114, na bolti zake ni za milimita 10 zenye alama 8.8 kichwani. Fundi akileta bolti zisizo na alama, mrudishe dukani. Kuchomelea sahani kwenye chasisi ni jambo la mwisho, na lifanywe na mtu anayejua chuma cha chasisi kinavyodhoofika kwa joto.

Bampa la chuma na winchi kwa pamoja zinaweza kuzidi kilo 90 mbele ya ekseli. Springi za mbele zitakaa, taa zitaangalia chini, na gari litadunda kwenye barabara ya makunyanzi. Weka kwenye bajeti springi za mbele zinazofaa uzito huo. Hakikisha pia winchi haizibi upepo wa rejeta, kwani gari linalopanda Ngorongoro na wageni saba halihitaji joto la ziada.

Hatua ya 9: Vifaa vinavyokwenda na winchi, na pa kuifunga

Kapi la uwezo unaozidi mara mbili nguvu ya winchi. Pingu za chuma zenye pini, zilizochapwa tani 4.75 kwenye mwili wake. Mkanda mpana wa mti, upana wa milimita 75 na urefu wa mita 3, ili gamba la mti lisichubuke. Kipande cha kamba ya kurefusha. Glovu za ngozi. Koleo.

Sasa mti wenyewe. Kwenye nyanda za majani mafupi kusini mwa Serengeti miti haipo, kwa sababu majivu ya volkano yameganda chini ya udongo na mizizi haipenyi. Utafunga wapi? Gari jingine ndilo jibu la kwanza, likiwa mbali, breki zimekazwa na mawe mbele ya tairi. La pili ni kuzika tairi la akiba: chimba shimo lenye kina cha kulimeza tairi likiwa limesimama, uso wake ukielekea gari, chimba mfereji mwembamba wa kamba kupita ukipanda taratibu, fukia na shindilia. Kazi ni ya jasho na inafaulu. Ukimaliza fukia shimo vizuri, hifadhi ni ya wote.

Kuna jambo la rimoti ambalo mwenye gari la safari asilipuuze. Chagua winchi yenye rimoti ya waya mrefu wa kufika kwenye kiti cha dereva. Ya bila waya ni nzuri kama nyongeza, lakini betri yake ndogo huisha siku unayoihitaji. Ukivuta ukiwa ndani ya gari uko mbali na kamba, na uko mbali na nyati aliyelala kwenye majani ambaye hukumwona. Ndani ya hifadhi, wasiliana na askari kwa redio kabla mtu hajashuka kufunga mkanda.

Hatua ya 10: Dukani

Iwe ni Kariakoo, Kirinyaga Road ya Nairobi au kwa fundi anayeagiza, omba mambo haya yafanyike mbele yako. Winchi iunganishwe na betri, iingize na kutoa kamba. Klachi inayoachia ngoma ifunguliwe, ngoma izunguke kwa mkono bila kukwaruza. Boksi la solenoidi, ile swichi nzito inayopeleka umeme kwenye mota, lifunguliwe uone mihuri ya mpira. Alama ya IP67 maana yake inavumilia mita moja ya maji kwa nusu saa, na kwa mtu wa mitoni nisingeshuka chini ya hapo. Uliza solenoidi na brashi za mota za akiba zinapatikana mji gani, kwa sababu hizo ndizo zinazokufa kwanza. Winchi ya jina kubwa isiyo na vipuri nchini inashindwa na ya jina la kati ambayo fundi wa Arusha anayo solenoidi yake kwenye rafu.

Kama ni mtumba, ifungwe kwenye gari, gari livutwe kwenye mteremko mdogo, kisha mota isimamishwe. Gari likirudi nyuma, breki imekwisha.

Hatua ya 11: Siku ya kuifunga

Kamba mpya inakuja imeviringishwa kiwandani bila mzigo. Ukiivuta hivyo kwa nguvu, safu ya juu itazama kati ya safu za chini na kunasa. Toa yote ubakize ile mizunguko ya kwenye ngoma, funga mwisho wake kwenye mti ulio juu ya mwinuko mpole, kisha acha winchi ilipandishe gari taratibu, dereva akigusa breki kidogo, msaidizi akitazama kutoka pembeni mizunguko ikijipanga ubavu kwa ubavu. Isipojipanga, simamisha, toa, rudia.

Jizoeze pia kufunga kapi siku hiyohiyo, kwenye ardhi kavu, pamoja na kila dereva atakayeshika gari hilo. Baada ya kilomita 500 za kwanza za barabara mbovu, rudi kwa fundi, kaza tena bolti nne za winchi na zile za sahani, na ukague nyaya pale zinapopita karibu na chasisi.